Jina Ulilompa Mtoto

Nyumbani Ikonge,
Kaunti ya Nyamira.
Jumapili, 19 Oktoba 2025.

Mpendwa kaka Machogu,

Najua ni miaka mingi hujaandikiwa kwa jina hilo. Huko Uswidi wanakuita Mose, na mgongoni mwa jezi wamekuandika Mose, lakini Mose ni mimi ninayekuandikia, na wewe ni Machogu, mwana wa kwanza wa marehemu Ombati. Nimeona tuanze kwa kuitana vizuri.

Hujambo lakini? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Tulisikia ulikosa mechi tatu mwezi uliopita, na Mama amekuwa akiliombea hilo goti kila jioni, analitaja kabla ya kututaja sisi. Baridi imeanza? Linet amepata nguvu baada ya kujifungua? Na mtoto ananyonya vizuri, analala, ameanza kucheka? Hapa nyumbani tu wazima. Mama analalamikia mgongo lakini ukimwambia apumzike kuchuma chai anakuuliza kama ni wewe utakayechuma. Mvua imekuwa nzuri, majani ni mengi, ila upepo umeangusha ndizi zote za upande wa mtoni. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umeizuia namba yangu ya simu. Barua nimempa Duke, binamu yake Linet wa kule Birongo, anayesafiri kuja huko Alhamisi. Nimemwambia akutie mkononi wewe mwenyewe, asimpe Linet. Ukimaliza kuisoma utaelewa kwa nini, na utakubali kwamba adabu bado ninayo.

Nianze na ile Jumapili ya Agosti. Tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, Mama, Shangazi Jemimah na mimi, Linet akapiga simu. Mama akaifungulia sauti ili sote tusikie. Linet akasema mtoto amepewa jina, na Shangazi, unamjua, akaanza vigelegele hata kabla ya kuambiwa ni jina gani. Ndipo Linet akasema kwa upole, "Tumemwita Machogu, Mama. Jina la marehemu shemeji yangu ambaye sikubahatika kumwona." Shangazi akakatiza kigelegele katikati, akaniangalia.

Sina haja ya kukufundisha mila zetu. Mtoto wa Kigusii hupewa jina la mtu aliyelala, babu au ami au ndugu, ili jina lisipotee. Hakuna anayemtwisha mtoto jina la ndugu yake aliye hai, anayepukuchua mahindi. Linet ni binti wa Birongo na analijua hilo, kwa hiyo yeye hakukosea neno. Alisema alichoambiwa na mume wake.

Mama alishukuru, akasema "Asante, omwana one," mwanangu, akakata simu na kuingia jikoni. Mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na nataka ujue. Nilidhani Linet alikuuliza kwa nini unalitaka jina hilo, nawe ukashindwa kumwambia kwamba ndilo jina lako halisi, ukaamua kuniua haraka ili maswali yaishe. Nikasema moyoni, masikini kaka yangu, miaka kumi na minne hajaitwa jina lake, ametaka alau alisikie ndani ya nyumba yake. Nilikuonea huruma siku mbili nzima. Hiyo huruma ndiyo inayoniuma sasa kuliko mambo mengine yote.

Nakukumbusha tulikotoka, kwa sababu naona umesahau.

Mwaka 2011 ulikuwa na miaka kumi na tisa, umemaliza kidato cha nne na unazurura. Mimi nilikuwa na kumi na mitano, kidato cha kwanza. Kila Jumapili tulicheza kwenye uwanja ule wa shule ya msingi ulioinama kuelekea mashamba ya chai, na timu iliyoshinda kura ilichagua kushuka kipindi cha pili. Mimi nilikimbia wingi ya kulia, nikapiga krosi, wewe ukaruka. Sijaona mtu anayeruka vile hadi leo. Ulikuwa unakaa hewani mpaka beki anatua chini na kuanza kukutafuta. Mwalimu Omosa akamleta yule mtu wa akademia ya Nairobi, akakutazama nusu saa tu, akakupenda. Kisha akasema wanachukua vijana wasiozidi miaka kumi na sita.

Jioni ile Baba alifungua sanduku la bati, akatoa vyeti vyetu viwili vya kuzaliwa, akavilaza mezani. Hakukuuliza wewe. Aliniuliza mimi kama ninaweza kukupa changu. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kuuza hata mkungu wa ndizi siku ya Sabato, alisema dhambi hiyo tutaitubu pamoja mambo yakinyooka. Nami nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu nilikupenda na kwa sababu nilikuwa mtoto. Ulinishika mabega yote mawili ukaniambia utanirudishia jina langu siku utakapotundika daluga. Ukasema hadi siku hiyo mimi nitakuwa wewe na wewe utakuwa mimi. Kijiji kizima kilijua, kikanyamaza, maana ulikuwa mtoto wao.

Sikatai kwamba ulifanya kazi. Siku ulipofunga bao lako la kwanza kwenye ligi kuu, nilikuwa na redio sikioni nikikata majani ya ng'ombe, na yule mtangazaji akapasua koo, "Mose! Mose Ombati!" Nilitupa panga nikakimbia hadi barabarani bila kujua ninakimbilia wapi. Ulipoenda Uswidi, msimu wa pili ulicheka na wavu mara kumi na tisa, na picha yako ikabandikwa kwenye kinyozi cha Kebirigo. Ulipokosa ile penalti ya kupanda daraja, watu walitukana jina Mose wiki nzima mitandaoni, na mimi nikayasoma matusi yote hadi mwisho, nikaona ni halali yangu pia. Hata leo vijana wanaingia dukani kwa Mzee Nyamweya, ninakouza misumari na mabati, wamevaa jezi yenye jina langu na namba tisa, wananieleza jinsi Mose anavyojua kuziona nyavu. Mimi nawapimia misumari yao na kuitikia.

Kuna jambo moja sijawahi kukuambia. Mwaka 2015 niliitwa chuo cha ualimu. Cheti changu cha kidato cha nne kilisema Mose, lakini kitambulisho kilikuwa chako, kwa sababu nilipokwenda kuchukua changu niliambiwa Mose Ombati alishachukua mwaka mmoja uliopita, akiwa Nairobi. Karani wa chuo aliweka karatasi hizo mbili pamoja, akanirudisha getini nikiwa na godoro begani. Nilifika nyumbani nikasema ualimu haunifai. Baba aliamini. Mama hakuamini, ila hakusema. Nilitaka kukupigia simu, lakini wikendi ile ulikuwa umefunga mawili ugenini na sikutaka kukuharibia.

Basi nikaishi kwenye karatasi kama Machogu. Si jina baya, nililizoea. Baba alipofariki, wewe ukaja kwa siku tatu, na kwenye kitabu cha mazishi tukaandikwa kinyume, wewe kitinda mimba na mimi mwana wa kwanza. Nilitupa udongo wa kwanza kaburini badala yako. Sikulalamika hata hapo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua nimechumbia. Anaitwa Lavender, ni mwalimu hapo Kebirigo, na ana ulimi mkali unaofanana na wa Shangazi, lakini moyo wake ni safi. Harusi tuliipanga tarehe ishirini na moja Desemba. Mchungaji Mogaka akatutuma kwa msajili tukaandikishe ndoa kwanza, ndivyo sheria inavyotaka siku hizi. Tukaenda mwezi wa Septemba, tumevaa vizuri, Lavender amesuka.

Karani aliingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta. Aliniangalia, akaangalia kioo, akaniangalia tena. Akaniuliza kwa heshima kama nimechukua kitambulisho cha ndugu yangu kwa bahati mbaya, kwa sababu mwenye hicho alifariki mwezi wa Februari. Lavender alicheka akidhani ni kompyuta imeharibika. Yule dada akatafuta nakala ya taarifa ya kifo na kutuonyesha. Machogu Ombati, amefia nyumbani, Ikonge, kwa ugonjwa. Aliyetoa taarifa ni mama mzazi. Na chini kabisa kulikuwa na sahihi, herufi kubwa zilizopandiana, PERSIS. Mwandiko wa Mama naujua. Ndio ulioandika majina yetu kwenye madaftari yote ya shule ya msingi.

Sikumbuki tulivyotoka pale. Nakumbuka Lavender alinibebea koti.

Nilimkuta Mama anachambua chinsaga. Nikamweleza nilichokiona, akaacha mboga, akakaa. Akaniambia kwamba Februari wakili mmoja alitoka mjini akamletea shali na salamu zako. Akatoa karatasi, akasema ni ya kumtafutia ruhusa ya kusafiri ili mtoto akizaliwa aje amwone. Mama anasoma Biblia ya Ekegusii bila kukwama, lakini Kiingereza hakijui, na huyo wakili alitumwa na mwanawe. Akaandika jina lake pale kidole cha wakili kilipokuwa. Linet aliposema neno marehemu mwezi wa Agosti, ndipo moyo wake ulipoanza kushtuka, na aliubeba mshtuko huo peke yake mwezi mzima. Mama wa miaka sabini, Machogu. Alikuwa amekwisha kushona rinda la safari.

Nikakupigia. Nashukuru siku hiyo ulishika simu. Kwanza ulisema ni makosa ya ofisi. Kisha ukasema kuna mtu aliiandikia timu yako barua isiyo na jina, kwamba una miaka thelathini na mitatu wala si ishirini na tisa na kwamba unacheza kwa cheti cha ndugu yako, na wanasheria wa timu wakataka huyo kaka anayeitwa Machogu atafutwe ahojiwe. Ukaona afadhali asipatikane. Halafu ukaniuliza kama ni mimi niliyeandika hiyo barua.

Hilo swali sitakusamehe upesi. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kuandika barua hiyo kama ningetaka.

Nilipokuuliza nitaoaje nikiwa maiti, jibu lako lilikuwa, "Ni karatasi tu, bro. Si uko hai? Si unajiona? Nipe misimu miwili tu." Nikakuuliza kuhusu Mama, ikigunduliwa kwamba ile taarifa ni ya uongo atakayeitwa ni nani. Nikasikia mtoto analia huko nyuma. Ukakata. Kesho yake namba yangu ikawa haipiti.

Kwa hiyo ulijua. Hicho ndicho nilichotaka kukiandika tangu mwanzo wa barua hii nikawa nakizungukazunguka na habari za ndama. Ulijua kwamba siwezi kujifufua bila kusema karatasi ile ni uongo, na uongo una sahihi ya Mama. Mnapopigiwa frikiki huwa mnapanga ukuta, sivyo? Wewe umempanga Mama, ukajificha nyuma yake. Umenisaliti mimi, hilo ningelimeza, nimemeza mengi. Lakini umemsaliti Mama kwa kumwonjesha safari ya kumwona mjukuu.

Na ungeniomba tu. Ungenipigia ukasema, Mose, mambo yameniharibikia, naomba ujifiche miaka miwili. Nakuapia ningekubali, kwa upumbavu wangu ningekubali, ningemwomba Lavender angoje na ningekwenda kukaa hata Tanzania. Ndicho kinachonichoma. Hukuona haja ya kuomba kitu ambacho ulijua nitakupa.

Lavender nilimweleza yote, tangu sanduku la bati. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema yeye alichumbiwa na Mose, na wakati wowote Mose akipatikana na karatasi zake, ataolewa. Huyo Machogu, awe hai awe marehemu, si wake. Nikaenda kwa Mchungaji nikaomba harusi isogezwe mbele. Sikusema sababu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa ajili ya Mama, nikae hivyo hivyo nisiye na jina, hadi utakapochoka kucheza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi jana, Sabato. Tulitoka kanisani, tukala, na Shangazi Jemimah alikuwepo. Mama akaenda chumbani akarudi na lile rinda la safari, akalitundika mlangoni. Akasema Jumatatu ni sikukuu ya Mashujaa na ofisi zimefungwa, lakini Jumanne asubuhi ananitaka nimpeleke kwa msajili. Nikamwambia polepole, mbele ya Shangazi ili awe shahidi, kwamba anaweza kushtakiwa. Nikamwambia pia wakichukua alama za vidole vyangu hadithi yote itafunguka, utafutiwa mkataba, huenda ukafungiwa kucheza kabisa, na mabao yako yote yatabaki bila mwenyewe. Nilikutetea, kaka. Nilijisikia nikikutetea nikashangaa.

Mama alisikiliza. Unamjua asivyopenda maneno mengi. Alijibu kwa Ekegusii, na nakuandikia kama alivyosema:

"Nilizaa wavulana wawili. Tembea boma hili lote unionyeshe kaburi la mmoja wao. Mimi sijazika mtoto, na nitakwenda kusema hivyo. Wakinifunga, nitakuwa nimefungwa nikiwa na watoto wawili."

Shangazi alilia. Mimi nilitoka nje nikaenda kumkamua ng'ombe ingawa haikuwa saa yake.

Ukiisoma barua hii itakuwa tayari imefanyika. Sikuandikii ili uizuie, na ndiyo sababu Duke anaondoka Alhamisi, si leo. Nakuandikia ili usiisikie kwanza kwa wanasheria. Kama una ujasiri uliokuwa nao mbele ya makipa, nenda kwa timu yako ujieleze wewe mwenyewe kabla hawajakuita. Mtu anayejieleza huonewa huruma kidogo. Useme pia kwamba Mama hakujua alichotia sahihi, kwa sababu hilo ni kweli na ni wewe peke yako unayeweza kulithibitisha. Hilo ndilo pekee ninalokuomba, na sijakuomba mengi.

Nisalimie sana Linet, na umwambie ukweli kwa mdomo wako, nyinyi wawili mkiwa mmekaa. Wazazi wake wa Birongo tutawafikia sisi wenyewe wiki ijayo, Shangazi amejitolea. Hapa unasalimiwa na Shangazi Jemimah, ambaye hana maneno mazuri kwako sasa hivi lakini amesema salamu ni salamu. Mzee Nyamweya anakusalimu na bado hajui lolote. Mwalimu Omosa pia, macho yake yameanza kushindwa. Lavender hakusema nikusalimie, ila alinisahihishia barua hii mahali pawili.

Mshike mtoto kwa niaba yetu. Usimbadilishie jina. Hajakosea, na jina ni zuri, isipokuwa atakuwa mtoto wa kwanza ukoo huu kuitwa jina la baba yake aliye hai.

Nyasae, Mungu wetu, awatunze nyote watatu, alitulize goti lako, na akupe kinywa cha kusema ukweli nasi tukiwa bado tunataka kuusikia.

Ni mimi nduguyo mdogo, ninayekupenda kwa shida lakini ninakupenda, ambaye hajafa,

Mose Ombati